Mstari wa Chaki Kwenye Dawati

Juzi nilimkuta mwanangu shuleni akibishana na mwenzake kuhusu uchaguzi. "Ngoja kwanza," alisema, "nirudie ulichosema wewe."

Nikakumbuka darasa letu kule Mwakitolyo, vumbi la karasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, likinuka hadi kwenye madaftari. Mimi na Kabula, niliyeketi naye dawati moja, tuligombana kuhusu vyama vya baba zetu, tukagawana dawati kwa mstari wa chaki. Mwalimu Nkwimba hakutuchapa. Alitaka kila mmoja aeleze hoja za mwenzake, mpaka mwenye hoja akubali, "Ndivyo."

Nililia. Niliamini nikiyatamka maneno ya baba yake Kabula nitakuwa nimeshahama chama, na baba atanifukuza nyumbani.

Nikayatamka. Kabula akasema, "Ndivyo," akaufuta mstari kwa kiwiko, nami nikamalizia kwa changu.

Jioni baba aliuliza tu mbona sare yangu ina chaki.