Kamba Niliyoiacha Bwawani

Mimi ndiye wa kwanza kwetu Karurumo kuzamia na mtungi wa hewa, na siku hiyo nilimwalika mama bwawani aje anione kazini.

Fundi Njiru alikuwa anashuka kukagua lango la bwawa. Mimi nilishika kamba iliyofungwa kiunoni mwake.

"Wewe ulisomea kuzamia kwa starehe," aliniambia. "Ukitaka kupanda, unapanda mara moja mpaka juu. Leo mimi nitakaa chini kupita muda unaoruhusu kupanda hivyo. Umenielewa?"

Sikuelewa, lakini niliona haya kuuliza. Nikaitikia kwa kichwa.

Alimaliza kazi, akaanza kupanda, halafu kamba ikatulia. Mapovu yake yakabaki mahali pamoja.

"Amekwama," nikasema. Mama na wauza samaki waliokuwa ukingoni wakaanza kuomba.

Nikavaa mtungi, nikaruka. Sikuogopa, na hilo najivunia hata leo. Nilimkuta karibu tu, ameshika ngazi ya chuma, anatazama saa. Nikamvuta. Akanipiga mkono, akaandika kwenye kibao chake, akanipa. Mimi husoma polepole, kwa hivyo nikapanda nacho.

Wamama wakapiga vigelegele.

"Na yeye yuko wapi?" mama akauliza.

Nikampa kibao. Akakisoma kwa ile sauti yake ya kanisani: "Niko sawa. Nilikaa chini sana, lazima ningoje hapa hewa iliyoniingia damuni initoke polepole, nikipanda haraka nitaumia. Kamba umemwachia nani?"

Wote wakaitazama pale kwenye mawe. Mama akainama, akaishika mwenyewe.