Nusu Saa Yangu na Saa za Metroni

Siku yangu ya kwanza kazini hospitalini, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilitoka kwetu Makongeni na sare nyeupe ambayo mama aliipiga pasi mara mbili. Metroni, mkuu wa wauguzi, alinitazama juu hadi chini, akaniuliza kama nimekuja kukanda watu mafuta. Ndivyo tulivyoeleweka sisi wa tiba ya viungo, na wengine wenu hamjabadilika mpaka leo. Nikamwambia nimekuja kuwainua waliopooza. Akasema sawa, ila nisimvurugie vitanda.

Vitanda! Katika wadi ile mgonjwa mwema alikuwa yule aliyelala shuka zimenyooka, akingoja daktari apite. Ratiba ilinipa nusu saa kwa siku kwa kila aliyepigwa na kiharusi. Nikimaliza, analazwa mpaka kesho. Sasa wewe niambie, mkono uliosahau kazi utakumbuka lini?

Miaka ilipita nikinung'unika tu, mpaka alipoletwa Mzee Athmani, mwenye duka la nguo karibu na Jogoo Road. Upande wake wa kulia ulikuwa umelegea wote. Ulimi ulisalimika. Bintiye alikuwa aolewe baada ya Ramadhani, na mzee alitaka jambo moja tu: kumwoza mwenyewe, mkono wake wa kulia ukiwa umeshika wa bwana harusi. Nduguze walikwisha kumchagua mdogo wake asimame badala yake. Alinililia, mtu mzima yule, nami niliumia sana.

Mkewe, Bi Rukia, alimlisha, akampangusa uso, akamfunga vifungo. Nilipomwomba amwache ajaribu, alinijibu kwamba kwao mgonjwa hasumbuliwi. Nikaenda kwa Metroni kuomba mzee aketishwe mara kadhaa kwa siku. Hakuinua hata kichwa.

"Nusu saa ni yako, binti. Zilizobaki ni zangu."

Nilirudi nimenuna, nikamkuta mzee akiswali chali, kwa ishara ya kichwa. Dini humruhusu mgonjwa.

"Baba, na ukiweza kuketi?"

Akanijibu: "Nikiweza kuketi, sina budi niketi."

Basi ikawa kila adhana ikisikika, Bi Rukia analeta beseni na birika la kutawadhia, kisha anakaa pembeni akijiuma midomo asimsaidie. Mzee anajikokota hadi ukingoni mwa kitanda, mkono wa kushoto unaushika wa kulia na kuuosha. Shuka zikalowa. Metroni alikuja mbio kugomba, akaona, akasimama. Alikuwa mama wa kanisa. Akasema hawezi kumzuia mtu na Mungu wake, akaagiza shuka kavu. Haukupita muda akawa anawaketisha wagonjwa wote, wa dini zote, na kuwafokea wanaolala.

Sasa nimestaafu, niko Donholm, na magoti yangu yenyewe yanataka fizio, tiba ile ile ya viungo. Vijana wa kazi hii wakiniuliza tulitumia mashine gani, huwasimulia harusi ile.

Kina mama tulichungulia mlangoni. Mzee alinyanyua mkono wa kulia, ukashika wa bwana harusi. Akatamka maneno yote, kijana akakubali. Kisha watu wakangoja, maana mzee hakuachia. Vidole vilikuwa vimejifunza kufumba. Kufumbua hatukuwa tumefika. Bi Rukia akainuka akamsaidie. Nikamshika leso aliyojitanda.

"Mwache."

Tukangoja. Kidole gumba kikaachia kwanza, halafu vingine, na ndipo Bi Rukia mwenyewe akapiga kigelegele.