Meza ya Kuchangia

Duka langu la soksi linatazamana na mkahawa wa chai, ghorofa ya chini ya jengo la maduka la Wachina hapa Markham, Kanada. Wateja wangu ni wa kuhesabu, basi macho hayana kazi nyingine ila kuwatazama wa mkahawani.

Kwa miaka tisa nimemwona mzee mmoja akishuka kwenye basi saa nne asubuhi. Anaishi kwa mwanawe, chumba cha chini ya nyumba. Mchana hakuna mtu, na jioni wajukuu wanaongea Kiingereza tu. Mhudumu wa mkahawa, Suk-fan, anamwita kwa anachokunywa: Chai ya Maziwa. Mteja wa peke yake hapewi meza yake, anachanganywa na mwingine, na adabu ni kuinamia gazeti kama vile mwenzako hayupo. Yeye alichanganywa na mama mmoja wa rika lake, Limau ya Moto.

Mwaka wa kwanza hawakusemezana. Wa pili, mzee alipokuwa akisuuza kijiko na vijiti vyake kwa chai ya moto, kama tufanyavyo sisi Wachina sote, akaanza kusuuza na vya mama kabla hajafika. Wa tatu wakaanza kuchokozana.

"Gazeti lenyewe la jana," mama husema.

"Na uso wako ni wa jana. Mbona silalamiki?"

Nilikuwa nacheka peke yangu katikati ya soksi. Lakini majina hawakuulizana. Mwanzoni ingekuwa kukosa adabu, na baada ya miaka mitatu ikawa aibu. Kuuliza si ujinga, wanasema. Waliosema hivyo hawajakaa meza ya kuchangia.

Novemba mama hakuja. Mzee alisuuza vijiko viwili, akangoja mpaka saa nane. Kesho yake vilevile. Wiki ya tatu akavuka kuja dukani kwangu, mtu ambaye hajawahi kununua kwangu hata soksi moja.

"Dada, yule mama ninayekaa naye, unamfahamu?"

"Anaitwa nani?"

Akashikashika soksi. "Ana koti la kijani," akasema.

Mimi ni mtu wa roho ngumu, lakini siku ile iliniuma. Alizunguka jengo zima, kwa muuza samaki, kwa kinyozi, kwenye duka la mitishamba, akiulizia koti la kijani. Aliniambia mwenyewe kwamba nyumbani kwake siku nzima hasikii mtu akimwita, na kwamba pale mezani angalau kuna mtu wa kumtukana.

Siku moja tu mzee hakuja, alikuwa na miadi kliniki. Kesho yake, mzee akiwa dukani kwangu, Suk-fan akatupungia mkono kutoka mlangoni mwa mkahawa, tukaenda wote wawili.

"Babu, jana umetafutwa," Suk-fan akasema. "Kijana wa Limau ya Moto. Mama yake alianguka, wamempeleka kwa binti yake, huko mbali Calgary. Hataki kula. Anasema anamtaka mzee wa mezani, ampigie hata simu. Kijana akaniuliza unaitwa nani."

"Ukamwambia nini?"

"Chai ya Maziwa. Ndilo ninalolijua. Akacheka kidogo, akaenda kupanda ndege."

"Hakuacha namba?"

"Hakuacha. Nami nilikuwa na meza kumi, babu. Sikufikiria."

Mzee akavua kofia. Sijui kwa nini, labda kwa heshima, labda joto.

"Kwan Siu-hei," alisema polepole. "Naitwa Kwan Siu-hei."

Suk-fan akaliandika kwenye karatasi ya oda, kwa kukosa la kufanya. Mzee alilitazama lile jina lake hadi wino ukakauka.

"Na yeye?" akauliza. "Huyo kijana alimtaja kwa jina gani?"

"Alisema 'mama' tu," Suk-fan akajibu.