Mwairishi Aliyefia Bwaloni

Kwenye mdahalo wa klabu ya historia mimi ndiye niliyewamaliza Waairishi; Waingereza wenyewe hawakuwamaliza vile. Mada ilisema uasi wao wa Pasaka, wa zaidi ya miaka mia iliyopita, ulikuwa kazi bure, nami nikapangwa upande wa kazi bure. Nikasema watu hawa walitaka kumng'oa Mwingereza aliyewatawala karne na karne, wakachagua Jumatatu ya Pasaka, siku ambayo hapa Ifakara hupati hata watu wanne wa kukuhamishia kabati. Wakaingia mjini Dublin, wakateka posta. Siyo kambi ya jeshi, posta. Labda kuna mtu alikuwa na kifurushi chake. Wiki haikuisha wakawa wamesalimu amri, na viongozi wao wakapigwa risasi. Kujifunza bodaboda tu, nikamalizia, kunachukua muda mrefu kuliko huo.

Watu walicheka mpaka wengine wakalalia meza. Madam wetu wa historia hakucheka. Bado ni msichana, anafundisha kwa kujitolea tu, na klabu ile ni yeye aliyeianzisha, kwa sababu alichoka kuona tunakariri historia kama orodha ya mahitaji ya dukani. Alingoja kelele ziishe, akaniambia, "Umewacheka vizuri. Sasa nenda kafe kama wao."

Ndivyo nilivyopewa nafasi ya kiongozi wa waasi kwenye igizo la siku ya mahafali.

Mkuu wa shule hakulipenda igizo lenyewe. Ni mzee wa Kingoni kutoka Songea, mnyoofu kama rula, na bado alikuwa na kumbukumbu ya siku tuliyogoma kula maharage yenye wadudu. Kwake Waairishi hawakuwemo kwenye mtihani wa taifa, na kuwafundisha watoto kuasi ni kuwasha moto kwenye ghala la mpunga. Akamwambia Madam, sisi tukisikiliza dirishani, kwamba igizo liende, ila likigeuka vurugu au kichekesho mbele ya wazazi, klabu inafungwa Jumatatu. Halafu akauliza nani anaigiza kiongozi. Alipotajiwa mimi, alivua miwani akaifuta muda mrefu.

Kwa hiyo klabu ya Madam ikawa imekaa juu ya kichwa changu, kichwa ambacho mama yangu hawezi kukikabidhi hata chungu.

Nikaanza kujifunza maneno yangu, na ujinga wangu ukaanza kunitoka taratibu. Madam alitusimulia kwamba kiongozi yule alipotoka nje ya posta kusoma tamko la nchi yao kuwa huru, wapita njia wengi walimwangalia tu, wengine wakaendelea na safari zao. Mimi nikitania watu wasipocheka, nakaa chini na siku imeniharibikia. Yule jamaa alisoma mpaka mwisho. Akatusimulia pia kuhusu mwenzao aliyekuwa na jeraha hawezi kusimama, wakamfunga kwenye kiti ndipo wakampiga risasi. Mshikaji wangu wa Idete, ambaye kwa kawaida anaongelea mpira tu, akasema kwamba hata babu zetu wa Maji Maji, pale Mahenge, lazima wapo waliokwishaona kuwa risasi haigeuki maji, na bado wakaenda.

Siku ya mahafali wazazi walijaa bwaloni, kutoka Lumemo mpaka Mchombe. Posta tuliijenga kwa viroba vya mpunga wa shamba la shule. Waingereza walivaa helmeti za bodaboda. Nilisoma tamko langu bila kukosea neno wala kukonyeza mtu, na hicho cha pili ndicho kilichokuwa kigumu. Wakanikamata, filimbi ikalia badala ya risasi, nikaanguka. Bwalo kimya. Nikasema moyoni, Madam, tumepona.

Ndipo nikasikia kandambili zinakuja, pwa, pwa, pwa. Nilijua mwendo ule. Ni mama wa jikoni, Mpogoro wa Mahenge, anayetupikia ugali. Kwao, kama kwa wengi wetu hapa, msibani watani ndio wanaowatania wafiwa: humsema marehemu, hukaa juu ya kaburi lake, hawaondoki mpaka ndugu watoe kitu cha kumkomboa. Mama yule alikuwa ameona maiti ya maana imelala, na hakuna mtani aliyeinuka. Moyo wake haukuweza kuvumilia aibu ile.

Akakaa ubavuni kwangu, akanivua kiatu.

"Huyu naye," akasema kwa sauti ya kulia, "wenzake wanakula pilau ya Pasaka, yeye anakwenda kufia posta. Alikuwa anangoja barua ya nani?"

Bwalo likapasuka. Mimi macho nimefumba, nauma shavu kwa ndani. Nilijua nikicheka tumekwisha. Mama akaendelea: maiti ina miguu mizuri, kama haina ndugu anaipeleka Mchombe ikasimame shambani, ifukuze ndege. Kisha akauliza ndugu wako wapi. Watu wakapiga kelele kwamba wako ng'ambo, mbali.

"Mbali wapi? Mtu wa kufa kwa ubishi namna hii ni Mngoni tu."

Kicheko kikakatika. Wapogoro na Wangoni ni watani, na kila mtu alikuwa sasa anaangalia meza kuu. Nikasikia kiti kikisukumwa nyuma. Nikasikia viatu vya ngozi, polepole, vikija mpaka karibu na sikio langu. Nikamwona Madam akilini, anakunja karatasi zake.

"Mwachie," mkuu wa shule akasema. "Ni wa kwetu."

Nilifumbua jicho moja. Alikuwa anavua tai yake. Akampa mama kwa mikono miwili, kama inavyopaswa, naye mama akaivaa palepale juu ya aproni, akanifunika kwa khanga yake, akasimama na kuanza kuimba wimbo wa mazishi wa kwao. Wazazi wakasimama. Nikabebwa kweli kama maiti, mabegani mwa Waingereza wenye helmeti, na akina mama bwalo zima wakimlilia Mwairishi ambaye saa moja nyuma hawakujua kama alizaliwa.

Jioni tukaitwa ofisini, mimi na Madam. Mkuu alikuwa shingo wazi, anaonekana mdogo kidogo. Hakutaja klabu. Aliangalia meza yake, akauliza waliobaki baada ya wale kuuawa walifanyaje.

Madam akasema ni hadithi ndefu, na watu wa kule wanaibishania mpaka leo.

"Vuteni viti," mkuu akasema.