Siku Niliyowaandika Watemi Wote "Hayupo"

Msinicheke sana, maana mke wangu alishanicheka mpaka akachoka: mimi ndiye yule karani wa baraza la watemi pale Tabora aliyeahirisha mkutano kwa kukosa wajumbe, na wajumbe wote wamekaa mbele yake wanamtazama.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa nimetoka shule juzijuzi, suruali imenyooshwa kwa pasi ya mkaa, niko kwenye miezi ya majaribio, na siku hiyo Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, angeamua kama nabaki kazini au narudi kulima mihogo kwa baba. Basi nikataka kumkoga. Orodha ya majina niliyoikuta niliiona vurugu tupu, nikaiandika upya kwa alfabeti, mwandiko safi kabisa. Mzee Kasele, tarishi wa baraza, akaichungulia, akaguna.

"Mwanangu, hawa huitwa kwa kutangulia kutawazwa. Mdogo hafungui mdomo kabla ya mkubwa."

"Mzee wangu, haya ndiyo mambo ya kisasa," nikamjibu (kiburi hicho!).

Nikaanza kuita. Jina la kwanza lilikuwa la mtemi kijana aliyetawazwa mwaka uleule. Akainamisha kichwa, kimya, nami nikaandika: hayupo. Wa pili naye akamsubiri mkubwa wake, hayupo, na wa tatu vivyo hivyo, mpaka nikafika kwa mwenyekiti mwenyewe, mkubwa wao wote, ambaye alfabeti ilimtupa mwisho kabisa, naye kwa hasira ya kuitwa mkiani akageuzia uso dirishani. Hayupo! Jasho linanitiririka, na badala ya kutulia nifikiri nikasoma kanuni kwa sauti: "Wajumbe hawakutimia. Baraza limeahirishwa."

Ndipo Bwana Shauri akaingia. Akatazama viti vilivyojaa, akatazama karatasi yangu.

"Karani, hawa ni nani?"

Mwenyekiti akasema bila kunitazama: "Andika, watemi wote walikuwapo. Aliyekosekana ni karani."

Walicheka mpaka Mzee Kasele akashikilia mlango. Bwana Shauri akaniongezea miezi mitatu ya majaribio, na mkutano uliofuata ilinibidi nisimame nisome kumbukumbu kwa sauti, pamoja na mstari ule kwamba karani hakuwapo, kisha niulize kama ni sahihi. Wakaafiki wote, hakubisha hata mmoja. Naapa, orodha ya watu wazima siigusi tena kabla sijamwuliza tarishi.