Sahihi Yangu Chini ya Orodha ya Wafinalisti

Siku yangu ya kwanza kazini Prefe hakunikaribisha. Prefe ndiye mkuu wa shule ya sekondari, na huyu wetu alikuwa mtu mfupi, abakosti yake, ile suti isiyo na tai, imepigwa pasi mpaka inang'aa viwikoni. Alinionyesha meza, kabati lisilofungika vizuri, na rundo la karatasi ambazo panya walikwisha kuzila pembeni.

"Sitwayeni," akasema, maana katika Zaire ile tulikatazwa kuitana bwana na bibi, wote tulikuwa sitwayeni, raia, "hapa njo biro, ofisi ya mwelekeo. Wafinalisti wakikuja, unawajazisha makaratasi. Ingine yote iko kazi yangu."

Nilipaswa kuyashika vizuri maneno yale ya mwisho. Sikuyashika. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kupewa kazi ya konseye, yaani mshauri wa wanafunzi, katika shule ile ya Kasuku, mjini Kindu, na nilifurahi mno hata sikusikia nilichoambiwa.

Ninyi vijana wa leo hamjui kazi ile ilivyokuwa. Mfinalisti, mwanafunzi wa mwaka wa sita, alikuwa akifanya mtihani wa Serikali, kisha anangoja. Chuo kikuu kilikuwa kimoja kwa nchi nzima, na matawi yake yalikuwa Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Hukwenda kubisha hodi unakotaka. Ulijaza fishi, karatasi moja ngumu ya rangi ya maziwa, ukaandika chaguo la kwanza, la pili na la tatu. Ukaambatanisha bilteni, yaani ripoti zako za alama, za miaka yote, cheti cha kuzaliwa, karatasi ya tabia njema kutoka komini, ofisi ya mtaa, karatasi ya daktari, na picha. Ikikosekana moja, dosye nzima, yaani faili lako lote, ilitupwa. Kisha kila mkoa ulikuwa na mgawo wake wa nafasi. Sisi watu wa Kindu tulihesabiwa katika mkoa wa Kivu, kwa hiyo mtoto wetu alishindana na watoto wa Bukavu na Goma waliokuwa karibu na ofisi zilizoamua.

Nilifanya kazi ile kwa moyo. Nilikwenda komini mwenyewe kudai vyeti vilivyolala droo za makarani. Niliwafundisha wasiache chaguo la tatu wazi, kwa sababu nafasi iliyo wazi ilijazwa na mtu asiyewajua.

Katika mwaka wangu wa nne alikuwepo msichana aitwaye Amisa. Baba yake, Mzee Saidi, alikuwa akitia mafuta magurudumu ya mabehewa pale stesheni, na mikono yake haikupata kutakata. Amisa alisoma biolojia na kemia. Siku moja alinunua kambale sokoni, akampasua mbele ya darasa, akawaeleza wenzake samaki yule anavyopata pumzi kwenye tope. Mwalimu mwenyewe alikaa kwenye benchi akasikiliza. Alama za Serikali zilipotangazwa, hakuna mtu mjini kwetu aliyemzidi.

"Mama Konseye," aliniambia, "mimi nataka kuwa munganga. Naweza kuandika udaktari mara tatu?"

"Apana, mwanangu. Watasema uko na kiburi. Andika udaktari, kisha famasia, kisha biolojia ya Kisangani."

Aliandika kwa wino, polepole, mwandiko wake umesimama wima. Nilisoma, nikaona hakuna kosa, nikapeleka fishi zote kwa Prefe.

Baada ya wiki moja Prefe aliniita. Mezani palikuwa na orodha iliyopigwa mashine, ile ya kwenda Bukavu, makao ya mkoa, pamoja na dosye. Sheria ilitaka sahihi mbili, yake na yangu. Nilipofika kwenye jina la Amisa nilisoma: chaguo la kwanza, pedagojia, chuo cha walimu. La pili na la tatu, mistari mitupu. Nikasoma juu kidogo. Udaktari alikuwa ameandikiwa kijana mmoja tu wa shule yetu, mtoto wa ndugu wa mkubwa mmoja wa wilaya. Kijana yule alipita mtihani kwa taabu, na wote tulijua.

"Sitwayeni Prefe, hapa kuna makosa. Amisa aliandika udaktari."

"Hakuna makosa."

"Fishi yake iko wapi?"

"Fishi nilizijazisha upya, juu zilikuwa chafu." Hakuinua uso. "Musichana atafundisha, ataolewa, atakaa karibu na baba yake. Ni mubaya? Mukoa iko na nafasi kidogo ya udaktari. Ule mutoto akishindana na Amisa, hapati."

"Kwa hiyo tunamwondoa?"

Hapo aliniangalia. "Kule Punia wanatafuta konseye tangu mwaka jana. Nyumba haina paa. Unataka niwaambie umekubali? Tia sahihi."

Nilitia sahihi.

Sitatafuta maneno laini. Nilikuwa na watoto wanne na mume mgonjwa, lakini hata mwenye watoto kumi ana ulimi. Ningeweza kusema niachiwe mpaka kesho. Ningeweza kumwita Mzee Saidi. Nilichukua kalamu, nikaandika jina langu zima, kwa mwandiko mzuri. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba nilijali mwandiko.

Orodha ya waliopokelewa ilipobandikwa, Amisa alikuja nyumbani mchana na baba yake. Hakulia. Alisimama mlangoni.

"Mama, mimi niliandika mbele yako. Nani alibadilisha?"

Nikamwambia. Nikamwambia pia kuhusu sahihi. Mzee Saidi alikaa chini kwenye ngazi, akatazama viganja vyake. Kisha akauliza jambo moja tu, "Bukavu iko mbali namna gani?"

Mimi na Mzee Saidi tulivuka mto Lualaba kwa baki, ile feri, tukapanda lori la mchele upande wa pili, tukapita Kalima tukaingia msitu. Lori lilikwama matopeni mara nyingi hata nikaacha kuhesabu. Mzee Saidi alisukuma pamoja na vijana, usiku tukalala juu ya magunia. Mimi nilikuwa nimebeba nakala za bilteni zote za Amisa ndani ya kitambaa cha mpira. Njiani nilipanga maneno yangu. Nilidhani ukweli ukisemwa na mtu mwenye cheo utasikilizwa.

Karani mkuu wa ofisi ya mkoa alitupokea siku ya pili ya kungoja. Alisoma bilteni, akatikisa kichwa kwa masikitiko, nami nikaanza kuwa na matumaini. Kisha akatoa orodha yetu kwenye faili.

"Hii sahihi ya chini njo ya nani?"

"Yangu."

"Ulitia wewe mwenyewe, bila kufungwa kamba?"

"Ndiyo."

"Basi, Mama, unakuja kushitaki nani kwangu?"

Tulirudi kwa njia ileile. Kwenye baki Mzee Saidi aliniambia, "Asante kwa kunisindikiza." Ningependelea anipige kofi.

Mwaka uliofuata nilibadili kazi yangu bila kuomba ruhusa. Kila mfinalisti alijaza fishi mbili mbele ya mzazi wake, akasoma chaguzi zake kwa sauti darasani, na fishi ya pili ikabaki nyumbani kwake. Orodha iliyopigwa mashine niliilinganisha na zile fishi, jina kwa jina, wazazi wakiwa wamesimama nyuma yangu. Prefe aliniambia nafanya siasa. Nilimjibu kwamba nafanya usafi, kwa kuwa yeye hapendi fishi chafu. Kabla ya muhula kwisha nilipelekwa Pangi. Prefe, kwa upande wake, alipandishwa cheo akawa inspekta. Nilikaa Pangi miaka saba, na kule pia wazazi walisimama nyuma yangu, wengine wakiwa na majembe mabegani kwa sababu walitoka moja kwa moja shambani.

Yule kijana wa udaktari alirudi Kindu baada ya mwaka wa pili. Alishindwa. Wakampa kazi katika ofisi ya Chama. Kwa hiyo nafasi ile haikumfaa hata aliyeiiba, na mji wetu haukupata daktari. Watu wakiniuliza mbona bado nina hasira, nawauliza wanataka ipoe kwa ajili ya nani.

Nilirudishwa Kindu nikamalizia kazi katika ofisi ya wilaya. Siku ya kustaafu walinifanyia karamu ndogo: wali, kuku, hotuba. Amisa alikuwepo. Alikuwa mwalimu wa biolojia kwa miaka mingi, na wanafunzi wake wengi walipita mikononi mwangu. Inspekta mmoja, kijana mwenye adabu aliyesikia habari ile juu juu tu, alisimama akasema huenda Mungu mwenyewe ndiye aliyepanga, maana Kindu imepata mwalimu bora.

Amisa aliweka sahani yake chini.

"Mungu hakupiga ile mashine," alisema. "Mimi nilikuwa nakwenda kuwa munganga. Nafundisha vizuri juu kazi naifanya vizuri. Musiseme njo ilikuwa afazali."

Watu waliinamia wali wao. Nami nilisimama, mbele ya wote, nikasema kwa kinywa changu jambo ambalo sikuwahi kulisema mbele za watu: kwamba sahihi ile ilikuwa yangu, kwamba niliitia kwa woga, na kwamba namwomba Amisa msamaha.

Alinikaribia akanishika mkono.

"Nimesikia, Mama," akasema.

Akarudi kwenye sahani yake, na mimi sikumwomba mara ya pili.