Kifungo Kisicho na Matundu

Kazi yangu ni kusikiliza watu. Ofisi za Kacyiru, hapa Kigali, hunitumia sauti walizorekodi kwenye mikutano na vijijini, wakulima wakieleza habari za mbegu, akina mama wakisimulia vikundi vyao, nami hukaa nyumbani kwangu Masaka nikiandika kila neno na kulitafsiri. Mtu nisiyemjua naweza kumrudia hata mara nne ili nisije nikakosea alipokohoa na alipocheka. Mama yangu mzazi ndiye niliyemtafutia kifaa cha kumzima.

Wakati ule sikusema hivyo. Nilisema natafuta utulivu wa kazi.

Mama alihamia kwangu magoti yalipomshinda, maana Biryogo alikokuwa akiishi kuna mteremko na yeye chumba chake kilikuwa chini kabisa. Alikuja na godoro, Kurani yake, kopo la vifungo na cherehani ya kukanyaga iliyonisomesha mimi tangu shule ya msingi. Tukaiweka sebuleni, karibu na dirisha. Meza yangu iko upande wa pili wa ukuta, na ukuta wenyewe ni wa jina tu.

Cherehani peke yake ningeivumilia. Lakini Mama akishona huongea. Huongea na kitambaa, na wateja waliomchelewesha, na marehemu baba yangu, halafu anapaza sauti anaongea na mimi. "Sikiliza nikuambie," ndivyo anavyoanza, na anachokuambia ni kwamba mchicha umepanda bei, au kwamba kuna mtu kapita barabarani na mwavuli na mvua hakuna. Mimi huku nina mkulima masikioni anataja majina ya magugu.

Kwetu mzazi humwambii kwamba anakusumbua. Unavuta pumzi kwa nguvu. Unafunga mlango kwa kishindo kidogo, kishindo ambacho ukiulizwa utasema ni upepo. Nilifanya yote hayo, na Mama, ambaye si mjinga, akaelewa. Siku moja nikakuta amekunja blanketi lake kuukuu na kuliweka chini ya miguu ya cherehani ili isitingishe sakafu. Ningekuwa mtu wa maana ningeona huruma. Mimi nilichoona ni kwamba blanketi halijasaidia kitu.

Ndipo nikaanza kutafuta hedifoni zisizo na waya, zile zinazoua kelele. Nilizitafuta kwa bidii ambayo sikuwahi kuitumia hata nilipotafuta mchumba. Nilisoma maoni ya wanunuzi kwenye simu hadi macho yakauma. Zile zinazosifiwa na kila mtu zilikuwa na bei ya kumtania mtu wa kipato changu, na za bei ya kutupa nazo wanunuzi walizilaani kwa lugha zote. Nikajifunza kwamba kuna kuua kelele na kuna kuziba sikio tu, na wauzaji wengi huandika la kwanza wakakuuzia la pili. Nikajifunza kuuliza chaji inakaa muda gani, na kama inakubali simu mbili. Nilikuwa mtaalamu. Nikashuka madukani Muhima.

Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo aliyekulia Bukavu, duka lake jembamba kama korido, nje pikipiki zinanguruma na jenereta ya jirani inatetemesha kioo cha kabati. Akanivalisha kwanza zile kubwa za kufunika sikio lote. Nilikuwa nimejitanda mtandio, kama ninavyofanya nikienda mjini, na hedifoni zikakaa juu ya mtandio.

"Ni vile, dada, kile kitambaa kinaachaka nafasi," akasema. "Kelele inapita pale pale. Ingiza ndani ya mutandio."

Nikaziingiza ndani. Kwenye kioo nikaonekana nina kichwa cha nyundo. Tukacheka wote wawili. Lakini jenereta ilikuwa imekufa. Ilikuwa imetoweka kabisa, na pikipiki zimekuwa mbali kama ziko ng'ambo ya bonde. Nilikaribia kulia kwa furaha.

"Na sauti ya mtu?" nikauliza.

"Sauti ya mutu hii haiuwe yote. Inauaka mashini, mugurumo. Mutu akikuongelesha utamusikia kiloko, kidogo tu. Lakini weka kitu kiongee mule ndani, basi, hutamusikia tena. Unasumbuliwaka na nani?"

"Majirani," nikasema.

Zile kubwa zilikuwa bora, na bei yake ningeifikia. Kila nilichosoma kilinielekeza kwazo. Nikachagua vile vidogo vya kuingia sikioni, vyenye vipira laini, ambavyo kelele haviiui sawasawa na chaji yake haimalizi siku. Muuzaji akanishangaa. Nikamwambia ni kwa sababu ya mtandio. Na kweli ilikuwa kwa sababu ya mtandio, ila si kwa namna aliyodhani. Chini ya mtandio vile vidogo havionekani. Mama asingejua kama nimemziba.

Tatizo ni kwamba nyumbani huwa sijitandi. Nywele zangu huwa wazi, na Mama, aliyenihimiza miaka mingi, alikuwa ameshanyamaza kwa jambo hilo kama mtu anavyonyamazia jino bovu. Kwa hiyo asubuhi ile nilipotoka chumbani nimejitanda vizuri, kichwa hadi kifuani, ndani ya nyumba, bila mgeni wala safari, Mama aliacha kukanyaga pedali. Akanitazama. Nikamwona midomo inasema mashallah. Kusikia sikusikia, nilikuwa na mkutano wa chama cha ushirika masikioni.

Sikumsahihisha.

Watu husema mtu kavishwa kilemba cha ukoka pale wanapomsifu kwa asichonacho. Mimi kilemba changu nilijivika mwenyewe, kila asubuhi, mbele ya kioo. Nina tabia ya kurudia maneno kwa midomo ninapoandika, polepole, ili yasinipotee. Mama akichungulia mlangoni alimwona binti yake kajitanda, kainamisha kichwa, midomo inacheza. Akaamini navuta uradi. Kumbe narudia habari za mbolea.

Akaanza kutembea kwa ncha za vidole. Pedali akaikanyaga taratibu, mshono baada ya mshono, halafu akaiacha kabisa akawa anashona pindo kwa mkono ilimradi mimi nina mtandio kichwani. Nyumba ikawa kimya. Nilipata kile nilichokwenda kukinunua, ila hakikutoka dukani. Alinipa yeye, kwa heshima ya Mungu. Niliona aibu, lakini aibu ya siku zile ilikuwa bado ndogo, ya kuvumilika, na kazi ilikuwa inakwenda vizuri.

Akanishonea mtandio mpya, wa pamba nyepesi, kutoka kwenye kitambaa alichokiweka akiba tangu mazishi ya dada yake. "Wa nyumbani," akaniambia, "usikuchome masikio." Nikamshukuru huku vile vidogo, nilivyovisimamisha kidogo, vikiwa bado masikioni. Pindo la mtandio ule lilikwenda mshazari. Mama yangu, ambaye wake za wakubwa walikuwa wakimfuata Biryogo kwa ajili ya mapindo yake, alinipa mtandio uliopinda, na mimi nikadhani anazeeka, basi.

Kisha akaja siku moja akasimama mlangoni. Aliongea muda mrefu. Nilikuwa na mzee mmoja wa kijijini anayesema haraka sana, na kumsimamisha kungenirudisha mwanzo, kwa hiyo nikamwacha aendelee masikioni na Mama nikamtazama tu usoni, nikiitikia kwa kichwa pale alipovuta pumzi. Alijigusa shavu. Akatazama dirisha. Alipomaliza akawa ananisubiri.

"Inshallah, Mama," nikasema.

Ni jibu linaloingia kila mlango. Kama aliomba mchicha, inshallah. Kama alisema mvua itanyesha, inshallah. Uso wake ukafunguka, akaja akanibusu juu ya mtandio, akarudi sebuleni. Mimi nikajipongeza kwamba nimejua kumridhisha.

Vile vidogo chaji yake haidumu, nimeshasema. Wiki ile ile, katikati ya kazi, vikalia mlio wao wa kuaga vikazimika. Nikawa nimekaa navyo masikioni, nimechoka hata kuvitoa. Sebuleni alikuwa amekuja jirani, mama mmoja mkristo aliyekulia Uganda, mwenye shamba dogo la mboga ng'ambo ya barabara. Alitaka kunisalimu.

"Mwache," nikamsikia Mama akisema, kwa sauti ya chini. "Yuko na Mola wake."

"Kila siku?"

"Kila siku. Sikiliza nikuambie. Mimi jambo hili niliogopa kumwambia, ana kazi nyingi. Nikasema ngoja nikamweleze leo. Nikamwambia, mwanangu, macho yananiacha. Jicho hili la kushoto ni moshi mtupu, na hili la pili limeanza. Uzi siuoni, nashona kwa kupapasa. Nikamwambia, sitaki kukutia gharama, wewe niombee tu, maana wewe sasa uko karibu naye kuliko mimi. Na unajua? Hakushtuka. Hakulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema inshallah. Nikasema huyu mtoto ana imani."

"Yewe," jirani akasema. "Sasa inaendelea aje?"

"Nafuu ipo. Tangu siku ile naona kama moshi umepungua."

"Pole sana, mukecuru. Lakini enda hospitali pia. Mungu na muganga banafanyaka kazi pamoja."

Sijui kuelezea aibu ile. Najua tu kwamba uso uliniwaka mpaka mtandio ukawa mzito, na kwamba nilitamani aibu hiyo iwe ya mtu mwingine. Nimelipwa kusikiliza watu wakieleza ng'ombe wao wasioona. Mama yangu alisimama mlangoni akanieleza macho yake, na mimi nikaitikia kwa kichwa kila alipovuta pumzi.

Jirani alipoondoka, Mama akamsindikiza hadi barabarani, akarudi, akaketi kwenye cherehani. Nikatoka. Alikuwa ameshika uzi na sindano ameziinua kwenye mwanga wa dirisha, na uzi unapita pembeni ya sindano, unapita tena pembeni. Alilamba ncha, akajaribu tena. Hakujua kama nipo. Nilipokohoa akashusha mikono haraka, kama mtu aliyekutwa anakula mchana wa Ramadhani.

"Lete nikutungie, Mama."

"Aa, wewe usitunge. Wewe niombee, nitatunga mwenyewe. Ndiyo tutajua dua imefika."

Nikasimama pale. Mikono yangu, ili ipate kazi, ikaenda kurekebisha mtandio. Kile cha kushoto kikachomoka sikioni, kikagonga ubao wa cherehani, kikabingirika mpaka kwenye mkono wake.

Mama akakipapasa. Akakigeuza kati ya vidole, akakisogeza karibu na uso, akakisogeza mbali.

"Kifungo chako kimedondoka," akasema. "Cha nguo gani?"

Ulimi ulikuwa mdomoni mwangu, mzima kabisa. Hapakuwa na jambo rahisi kuliko kusema.

"Cha nguo ya zamani, Mama. Hakina kazi tena."

"Hakuna kifungo kisicho na kazi." Akakipapasa tena. "Mbona hakina matundu? Vitu vya siku hizi." Akafungua kopo lake, akakitia humo pamoja na wenzake, akalitikisa kidogo kama anavyofanya siku zote, akalifunga.

Nilimpeleka hospitali kesho yake. Ni mtoto wa jicho, yote mawili, na daktari alisema tungefika mapema asingeteseka hivi. Mama alinitazama akatabasamu, akamwambia daktari kwamba hakuchelewa, binti yake alikuwa ameshaanza kumshughulikia. Daktari akanipa hongera. Wiki ijayo watamfanyia upasuaji wa la kushoto, kisha la kulia baadaye.

Bado najitanda ndani ya nyumba. Nikiuvua mtandio atauliza, na nikiuvaa nadanganya, kwa hiyo nauvaa. Nafanya kazi masikio yakiwa wazi, kwa spika ya simu iliyopunguzwa, na nimemwomba arudie kukanyaga pedali. Amekataa. Anasema asinikatize. Blanketi liko pale pale chini ya cherehani.

Kopo nalo liko pale pale, juu ya kingo za dirisha. Akilala mchana ningeweza kulifungua nikakitoa kile kitu, na yote yangekwisha. Nimelishika mara kadhaa, nikalirudisha. Sijui kama nakiacha ili akione, au nakiacha kwa sababu sina ujasiri hata wa kuiba.

Jana jioni tukiwa tunachambua maharage, alikuwa anahesabu atakayoyafanya akiona tena. Atasoma Kurani yake yenye herufi ndogo. Ataufumua mtandio wangu aushone upya, maana amesikia kwa vidole kwamba alinipotoshea pindo.

"Lakini kabla ya yote," akasema, "nitamwaga kopo langu kitandani nikichambue kifungo kimoja kimoja. Na kile chako kisicho na matundu nikione sawasawa ni kitu gani."

Nikamwambia inshallah, Mama. Safari hii nilikuwa nimesikia kila neno.